Mwanamume Kwenye Benchi la Akina Mama

Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kisomali, lugha niliyolelewa nayo, lile neno lilinikwama kooni kwa muda mrefu. Naas. Titi. Kwetu neno hilo ni la mama na mtoto wake, na mtu mzima hulitaja akiwa ameinamisha macho. Kwa Kiswahili niliweza kulisema, labda kwa kuwa nililisikia kwanza kutoka kwa manesi, ambao hulitaja kana kwamba wanataja goti. Kama wewe ni mwanamume na unasoma ukurasa huu kwa kujificha, kaa. Nimekuandikia wewe.

Naitwa Abdullahi, lakini ukienda soko la mifugo la Garissa ukamuuliza Abdullahi utaletewa watu wengi. Uliza Dere, yaani mrefu. Mimi ni dalali wa ngamia na ng'ombe. Mwenye mnyama husimama upande mmoja, mnunuzi upande mwingine, mimi katikati, na bei tunaisema kwa kubanana vidole chini ya shuka ili wengine wasione. Kazi hiyo inataka mkono wenye nguvu, sauti, na uso usiotoa siri. Nilikuwa navyo vyote.

Ulikuwa mwisho wa jilaal, kile kiangazi kirefu ambacho hata miti ya migunga hubaki miiba mitupu. Mke wangu Halima alikuwa uani akifua nguo za Ijumaa. Akaniita, fulana yangu nyeupe mkononi.

"Hii damu ni ya nini?"

Lilikuwa doa dogo, rangi ya chai ya rangi, upande wa kushoto.

"Ni mwiba," nikasema. "Au yule ndama aliyenigonga."

"Wiki jana lilikuwepo. Na juma lile lingine pia. Ndama anakugonga kila wiki mahali pamoja?"

Akanivuta ndani, akanivua shati mwenyewe. Chuchu ilikuwa imeingia ndani kama kitovu. Nilikuwa nimeiona, ndiyo, lakini mwanamume anaitazama chuchu yake ili iweje? Halima akaweka vidole pembeni yake. Kisha akachukua mkono wangu akauweka pale pale. Kulikuwa na kitu kigumu, kama kokwa ya tende, ambacho hakikusogea nilipokisukuma.

"Kesho hospitali," akasema.

Daktari alikuwa binti mdogo wa Kisomali, amejifunga hijabu ya samawati, na aliponiambia nivue shati niligeuka nikamtazama Halima kama mtoto anayeomba kuondolewa sindanoni.

"Adeer," yule binti akasema, akiniita baba mdogo kwa heshima, "mimi hapa ni daktari tu. Na wewe ni mgonjwa tu. Vua."

Alinigusa, akagusa na kwapani, akachukua sindano akanyofoa kipande kidogo cha nyama. Aliniambia nirudi majibu yakitoka. Sikuwa na wasiwasi. Nilirudi sokoni siku ile ile nikauza ngamia dume.

Majibu yalipotoka alinikalisha kwanza. Akamkalisha na Halima. Akasema ni kansa, na akasema ni kansa ya titi.

Nilicheka. Nakuambia ukweli, nilicheka kwa sauti, nikamwambia, "Daktari, hayo majibu ni ya mtu mwingine. Tafuta vizuri. Kuna mwanamke mahali fulani leo ameambiwa yuko salama, kumbe amepewa majibu yangu. Mtafute huyo maskini."

Hakucheka. "Adeer, hata mwanamume ana titi. Ni dogo tu. Na kansa haichagui."

Kuanzia hapo sikusikia tena. Niliona midomo yake ikienda. Niliona Halima akiitikia kwa kichwa, akiuliza, akiitikia tena. Masikio yangu yalikuwa yakivuma kama jenereta. Nilinyanyuka, nikasema naenda msalani, nikatoka getini nikatembea. Fahamu ziliponirudia nilikuwa nimesimama ukingoni mwa Mto Tana, viatu vimejaa tope, mbuzi wa watu wanakunywa maji mbele yangu. Mwenye mbuzi alinisalimia. Sikumbuki kama nilimwitikia. Nilikuwa nimeweka kiganja kifuani, juu ya shati, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa, na sikujua nimekiweka tangu lini.

Halima alinikuta pale. Hakunigombeza. Alisema, "Wamesema inatolewa. Twende nyumbani ule kwanza."

Mama yangu yuko Eldas, huko Wajir, anakoishi na ngamia zetu na ndugu zangu. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, ni mkubwa sasa, husikia vizuri kwa sikio moja. Nilimpigia simu nikamwambia nina uvimbe kifuani. Akauliza wapi hasa. Nikazunguka, nikazunguka, mwishowe nikamwambia.

"Mimi ndiye niliyenyonyesha," akasema. "Nyinyi nyote, mmoja baada ya mwingine. Wewe umemnyonyesha nani mpaka ushikwe na ugonjwa huu?"

Kisha akaanza kulia, na mimi nikiwa mtu mwenye ndevu na watoto, nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikimsikiliza mama yangu akilia, nisijue pa kuanzia kumtuliza.

Kliniki ilikuwa siku maalumu katika juma, na benchi lake lilijaa wanawake. Niliposimama mlangoni mazungumzo yalikatika yote. Bibi mmoja mzee, mkimbizi aliyekuja kutoka kambini Dadaab, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Umemleta nani, mwanangu?"

"Nimejileta."

Hakunielewa. Nesi, Sista Kemunto, mama wa Kikisii mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akatokea na kuita jina langu kamili, na kichwa cha kila mwanamke kikageuka. Nilitamani sakafu ipasuke. Yule bibi alinitazama kifuani, akanitazama usoni, akaelewa. Alivuta shuka zake akasogea, akapiga benchi kwa kiganja.

"Basi kaa hapa. Sisi hatuli mtu."

Jina lake lilikuwa Mama Sahra. Yeye ndiye aliyenifundisha, baada ya upasuaji, kukunja mtandio na kuuweka kwapani wakati wa kulala ili mkono usivute mshono. Wanawake wale walijua mambo ambayo hayakuandikwa popote: tangawizi ya kutafuna kabla ya dripu ya dawa, fulana iliyogeuzwa nje ndani ili mishono yake isikwaruze kovu. Walinipa yote bila kunicheka hata mara moja. Nilikwenda pale nikiwa na haya ya kuketi nao, lakini walinitunza kama mdogo wao.

Walinikata mvua za gu', zile ndefu, zilipokuwa zinaanza. Niliamka na bandeji imenizunguka kifua, na mkono wa kushoto mzito kama wa mtu mwingine. Siku waliyofungua bandeji nilimwambia Halima atoke nje. Alikataa. Upande mmoja nilikuwa mimi, upande mwingine palikuwa bapa, bila chuchu, mshono umekwenda kutoka katikati ya kifua hadi kwapani kama zipu iliyoshonwa vibaya. Niliutazama uso wa Halima kuliko nilivyolitazama kovu. Alimeza mate, akasema, "Wameshona vizuri. Mimi nisingeweza kushona hivyo," akaanza kunivalisha shati. Kifungo cha juu alikikosa mara mbili, nikakiacha wazi.

Sokoni nilisema nina shida ya kifua. Sikudanganya, kwa Kiswahili ni neno lile lile. Lakini kifua kwa watu wa soko ni kifua kikuu, TB, na nilikuwa nimekonda. Nilirudi kazini kabla ya wakati, mkono umevimba hauwezi kubana vidole, na nikaanza kuona vitu vidogo. Watu wakinisalimia wakiwa hatua mbili mbali. Nafasi ikipatikana pande zangu zote mbili kwenye mkeka. Halafu asubuhi moja, kwenye kibanda cha chai ninapokunywa tangu ujana wangu, wenzangu wote wakapewa vikombe vya glasi na mimi nikapewa cha plastiki, kile cha kutupa. Mwenye kibanda hakunitazama alipokiweka.

Nilikishika kikiwa kinanichoma vidole. Nilitazama wale wanaume, watu niliokuwa nao katika ukame na katika harusi, na nikaona wote wanatazama chini. Kitu kikanipanda.

"Si TB," nikasema.

Waliendelea kupuliza chai zao.

"Si TB! Ni kansa. Nimekatwa ziwa."

Nililisema kwa Kisomali. Lile neno lenyewe, mchana kweupe, katikati ya wanaume na ngamia. Kijana mmoja wa kufunga kamba aliguna kama anayetaka kucheka, kisha akaona sura yangu. Mzee Bishar alikuwa ameketi mbele yangu. Bishar alikuwa mkubwa wa madalali, mtu wa makelele, ndevu nyekundu kwa hina, aliyewahi kumwangusha ngamia dume kwa mikono yake na hakuacha mtu yeyote asahau.

"Ziwa?" akauliza.

"Ziwa."

"Wewe?"

"Mimi."

"Mwanamume ana ziwa?"

Nikafungua shati. Sikuwa nimepanga. Wengine walirudi nyuma, mmoja akasema "Subhanallah" akafunika macho kwa kilemba. Bishar hakurudi nyuma. Alisimama akaja karibu, akalitazama kovu muda mrefu kama anayekagua mnyama mgonjwa, mdomo wazi. Kisha akanifunika shati kwa mikono yake, akachukua kile kikombe cha plastiki, akanywa chai yangu yote mpaka ya mwisho, akanisogezea glasi yake.

"Mletee mtu huyu chai nyingine," akamwambia mwenye kibanda. "Na usinikasirishe."

Tangu siku hiyo sikubana vidole peke yangu. Nilimnong'oneza bei sikioni Bishar au mwingine, naye akanibania mnunuzi vidole chini ya shuka, na fungu langu nikalipata kama kawaida. Hakuna aliyelizungumza jambo hilo. Lilifanyika tu.

Dripu za kemo zilianza wakati wa hagaa, ule msimu wa upepo na vumbi. Sitakueleza dawa zenyewe, sizijui. Nakueleza mdomo. Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari: wali msumari, nyama msumari, hata maji. Kilichopita ni maziwa ya ngamia yaliyotiwa moshi, na wenzangu wa soko walikuwa wakipokezana kuyaleta nyumbani kila asubuhi. Walikuwa hawaingii. Waliliweka dumu mlangoni, wakagonga, wakaondoka haraka, kwa sababu hawakujua la kumwambia Halima.

Nywele sikujali. Ndevu ndizo zilizoniua. Nilikuwa natawadha adhuhuri, nikapitisha maji usoni, na ndevu zikabaki mikononi mwangu, fungu zima, kana kwamba hazikuwa zimeota popote. Nilitazama beseni. Nilikuwa sijalia hospitali wala sijalia mtoni. Pale nililia. Mwanangu mkubwa wa kike alinikuta, akakaa chini kando yangu, akaanza kunitolea zile nyingine taratibu, kwa vidole, mpaka uso ukawa laini kama wake. Sala nilichelewa lakini nilisali.

Baada ya dripu ya nne sikuweza kusimama. Kuta zilikuwa zinazunguka. Hospitali wakasema damu imepungua mno, niongezewe, na familia itafute watu wa kujitolea. Halima alimpigia Bishar. Kabla ya alasiri nilisikia zogo koridoni, nje ya mlango uliokuwa wazi karibu na kitanda changu, nikadhani ni ugomvi. Walikuwa wao. Nusu ya soko ilikuwa imekuja na fimbo zao, vumbi la ng'ombe kwenye vikoi, wote wanaongea kwa pamoja na wote wanaogopa sindano. Sista Kemunto aliwapangisha foleni kama wanafunzi wa chekechea.

Bishar akajitosa mbele. "Sista, mimi iko na damu mingi. Inatosha ngamia. Chukua yote, pea huyu."

Akatobolewa kidole. Sista akatazama matokeo, akatoboa kidole kingine, akatazama tena.

"Mzee," akasema, "damu yako ni kidogo kuliko ya mgonjwa."

Koridoni watu waliangua kicheko. Mimi mwenyewe kitandani nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu jilaal. Bishar akawa anapiga kelele kwamba mashine ni mbovu. Ni Sista peke yake ambaye hakucheka. Alimshika kifundo cha mkono, akaupima kwa vidole viwili jinsi ulivyokuwa mwembamba ndani ya ile mikono mipana ya kanzu, akauliza kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza nikijua ana sauti ya chini, "Mzee, chakula unakula vizuri?"

"Nakula."

"Chakula gani?"

Bishar akapeleka mkono kooni. Na hapo, nikiwa nimelala, nikaona. Nikaona asubuhi zote zile pale kibandani, Bishar akichovya anjera, ule mkate wetu mwembamba, kwenye chai mpaka ilegee iwe uji ndipo ameze, akishika koo, akikohoa, akisema ni meno. Sote tulikuwa tumeketi naye. Sote tulimwona. Kicheko kilikufa mtu mmoja mmoja, kama taa zinazozimwa, kila mtu alipokumbuka.

Ilikuwa kansa ya koo, ile njia ya chakula. Ilikuwa imekwenda mbali.

Alikataa matibabu kwanza, kisha akakubali kwa sababu nilimwambia nitakwenda naye. Siku za kliniki tulikaa benchi moja, mimi bila ndevu, yeye ndevu zake zikififia hina. Mama Sahra alimletea uji wa mtama uliochujwa kwa kitambaa. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini?" Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo. "Kwamba Bishar ameshindwa na anjera?" Akapumua. "Nilipoona kovu lako nilitaka kukuambia. Siku ile ile. Nikanywa chai yako, nikaona chai imepita, nikasema basi nimepona."

Alifariki kabla ya mvua za deyr, zile fupi. Tulimzika siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi, kaburi likichimbwa kwa zamu. Walininyima jembe kwa ajili ya mkono wangu. Nilishuka kaburini hata hivyo, kwa sababu mimi ni mrefu, nikampokea kwa mkono mmoja na kifua, upande ule uliokatwa. Hakuwa na uzito. Yule mtu aliyemwangusha ngamia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzigo, nusura nianguke kwa wepesi wake.

Sokoni hakuna aliyeitisha mkutano. Lakini salamu zilibadilika. Zamani tuliuliza habari ya mifugo, ya mvua, ya nyumbani, na jibu lilikuwa amani, amani, amani. Sasa mtu akishasema amani, mwenzake anamshika mkono bila kuuachia, anauliza, "Na mwili?" Anangoja. Wa kwanza kujibu kweli alikuwa yule mwenye kibanda cha chai, aliyekuwa akikojoa damu. Tulimpeleka kundi zima, tukajaza koridoni tena, na Sista Kemunto akashika kiuno akatuuliza kama tumehamishia soko hospitalini. Yeye alipona. Wengine wamefuata, kila mmoja na lake alilokuwa amelifunika kwa shati.

Mimi nilimaliza dripu, nikamaliza mionzi. Vipimo vya mwisho daktari alisema havionyeshi kitu, na akaniambia nisiache kurudi. Mkono bado unavimba joto likizidi. Ndevu zimerudi, nyeupe. Hooyo alikuja kutoka Eldas, akaniamuru nivue shati, akaweka kiganja chake kikavu juu ya kovu akasoma Fatiha. Bado, nakiri, kuna asubuhi naamka nikilipapasa na kushangaa upya: kweli? Mimi?

Juzi simu iliita, namba nisiyoijua. Mtu alikuwa anahema tu. Mwishowe akasema anatoka Rhamu, kule Mandera, analima vitunguu kando ya mto Daua, na kwamba dereva wa lori la mifugo alimsimulia habari ambayo haamini.

"Wewe ndiye?" akauliza. "Yule mwanamume?"

"Ndiye mimi."

"Si hadithi?"

"Si hadithi. Upande wako ni upi?"

Nilisikia pampu ya maji ikinguruma nyuma yake.

"Kulia," akasema, na sauti ikamvunjika.

Nilimwambia asimweleze mtu chochote kama hawezi, apande gari tu, mimi nitakuwa stendi. Alifika akiwa amefunikwa vumbi la njia nzima, jitu kubwa kunishinda, na gunia la vitunguu aliloniletea zawadi. Tulikumbatiana kwa uangalifu, kila mmoja akilinda upande wake. Akataka kwanza tunywe chai, tupumzike, labda kesho. Nilimshika mkono sikuuachia. Tulimwachia mwenye duka la stendi lile gunia, tukaenda hospitali.